Podikasti Chini ya Besera: Shajara ya Kipindi Kinachorekodiwa Watoto Wakilala

Naiweka shajara hii kwa ajili ya mzazi mwenzangu anayetaka kuanzisha podikasti, yaani kipindi cha sauti cha kusikilizwa mtandaoni, huku nyumbani ana mtoto wa kunyonya, au wa miaka mitatu, au wote wawili kama mimi. Mafunzo mengi niliyoyakuta yamemlenga mtu mwenye chumba chake na saa zake. Hapa kwetu hakuna hata kimoja. Tuko Makorora, Tanga, nyumba ya bati isiyo na dari: mimi, Baba Zuhura anayefanya kazi za zamu bandarini, mavyaa wangu, Zuhura wa miaka mitatu, na Nassoro aliyeanza juzijuzi kukaa bila kuegemezwa. Mimi ni fundi cherehani. Kipindi chenyewe ni cha masimulizi: mkazi wa siku nyingi wa Tanga anasimulia jambo moja alilolishuhudia au alilolirithi kwa wazee wake. Hatua za kawaida nitazipita haraka. Penye kukwama ndipo nitakapokaa.

6 Oktoba 2024: Bajeti, na maiki iliyojifanya inafanya kazi

Nimetenga shilingi 100,000, ujira wa madera ya harusi moja. Nje ya hizo nina simu janja inayotunza chaji na kompyuta mpakato ya zamani niliyoachiwa na mdogo wangu. Programu ya kuhariri ni Audacity, ya bure. Kuipakua na kuisakinisha hakukuwa na taabu.

Taabu ilikuwa maiki. Nilinunua ile ndogo ya kubana kwenye kola, shilingi 28,000, duka moja la Ngamiani. Nikaichomeka kwenye simu, nikarekodi, sauti ikatoka. Siku kadhaa nikawa nalalamika kwamba sioni tofauti kati ya maiki hii na simu tupu. Kumbe simu ilikuwa haiisikii kabisa, ilikuwa inarekodi kwa maiki yake yenyewe. Plagi niliyouziwa ina pete mbili nyeusi, ni ya kamera. Simu inataka plagi ya pete tatu. Ukiichomeka ya pete mbili, simu haikwambii kitu, inaendelea na shughuli zake.

Kujua ni rahisi. Anza kurekodi, kwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha, kisha kwaruza kitundu cha chini cha simu. Ukisikiliza, mkwaruzo utakaokutoboa masikio ndio unaotoka kwenye maiki inayorekodi. Kiunganishi cha kugeuza pete mbili kuwa tatu ni shilingi 6,000, na muuzaji alikuwa nacho kwenye droo siku ile ile niliyonunua maiki.

Mengine ya simu: iweke kwenye hali ya ndege kabla ya kurekodi, maana mtu akipiga, kurekodi kunasimama. Rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti. Faili lake ni zito, kama MB 5 kwa dakika, lakini ukilikatakata na kulisafisha halichakai kama MP3. Kadi ya kumbukumbu, 22,000.

20 Oktoba 2024: Mwangwi, trei za mayai, mende

Sebule yetu ina sakafu ya saruji na kuta tupu, basi ukiongea sauti inagonga ukuta na kukurudia. Kila niliyemuuliza alinishauri trei za mayai. Jirani mwenye genge alinipa za bure, nikazibandika ukuta mzima. Mwangwi ulibaki pale pale. Trei ni karatasi nyepesi, inayumbisha kidogo tu sauti nyembamba, sauti nzito ya mtu mzima inaipita. Kilichoongezeka ni mende. Zuhura alimaliza mjadala kwa kuzibandua moja moja akizivaa kichwani.

Kinachomeza sauti ni kitu kizito, chenye unene na nyuzi zisizobana. Mshonaji hilo halimsumbui: shikilia blanketi la sufu mbele ya redio, kisha shikilia kanga, utasikia tofauti. Nikazunguka nyumba nikipiga kofi kila chumba. Chumba kilicholimeza kofi langu kilikuwa kimoja tu, cha mavyaa. Kina kabati lililojaa nguo, godoro la sufi, na kitanda cha zamani cha besera, yaani chenye nguzo nne ndefu na fremu ya juu ya kutundikia chandarua.

Nilimwendea kabla ya chai ya asubuhi.

"Shikamoo mama. Nina ombi."

"Marahaba. Ombi linalotangulia chai si dogo."

Nikamweleza. Alinyamaza akikunja kanga yake, kisha akatoa masharti: kitandani pake hapapandwi na miguu yenye vumbi, na hakuna maneno yatakayotoka chumbani mwake kwenda kwa walimwengu kabla yeye hajayasikia. Sharti la kwanza nililikubali kwa furaha. La pili nililikubali kwa sababu sikuwa na chumba kingine.

Blanketi mbili za mtumba, 24,000 zote. Nimezishonea vitanzi vya utepe kila hatua ya shubiri, zinaning'inia kwenye besera pande tatu na juu, upande wa nne unatazama kabati la nguo. Kuzitundika na kuzitungua hakuchukui muda, na hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana: banda ambalo kulifunga ni kazi, usiku hulifungi.

3 Novemba 2024: Maiki haikai kwenye nguo

Maiki ya kola imetengenezwa kwa mtu aliyevaa shati na kutulia. Kwenye dera inakwaruza kila unapopumua. Kwa mama anayenyonyesha ni balaa zaidi, kwa sababu mtoto anauona waya kabla ya titi. Katika jaribio la dakika tisa ninasikika nikieleza asili ya Barabara za Ngamiani, na chini yake, kwa sauti safi kabisa, Nassoro ananyonya, anakohoa kidogo, anavuta waya, kisha kimya kirefu ambacho ni maiki ikiwa kinywani mwake.

Sasa maiki inaning'inia kwa uzi kutoka juu ya besera, shubiri moja toka mdomoni, na si mbele ya mdomo bali pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" ipite bila kuipiga. Kichwa chake nimekivika soksi ya Nassoro iliyopoteza mwenzake. Soksi ya pamba nyembamba inatosha, nene inafifisha sauti.

Sauti iangalie kwenye kioo cha simu: mawimbi yakigusa juu kabisa, imepasuka na haitengenezeki. Mimi nalenga mawimbi yafike karibu theluthi mbili.

24 Novemba 2024: Usingizi haufuati ratiba

Mpango ulikuwa watoto walale saa mbili na nusu, mavyaa akae barazani na majirani zake kama kawaida yake hadi saa nne, nami niwe chini ya besera kuanzia saa tatu, nitoke na sehemu nzima ya nusu saa. Haujawahi kutimia. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoachia.

Kikwazo cha kwanza ni feni. Nyumba haina dari, kuta zinaishia chini ya bati, hivyo feni ya chumba cha watoto inasikika chumba cha mavyaa kama iko pale pale. Nikiizima, Nassoro anaamka. Si joto peke yake, kilichomlaza ni ule mvumo. Dawa niliyoipata ni kuiacha kwenye mwendo wa chini kabisa na kurekodi sekunde kumi za kimya kabla ya kusema neno. Audacity inauchukua mvumo ule kama sampuli na kuupunguza kote. Kwa feni inakubali, kwa kuwa feni haibadilishi sauti. Kwa jogoo, bodaboda au mbwa haikubali. Usizidishe: nilipoipandisha sana nikaanza kusikika kama ninaongea ndani ya bomba la maji. Kupunguza desibeli 12 kunatosha, mara nyingi hata chini yake.

Cha pili ni meno. Mtoto anayeota meno hajui saa tatu wala saa nne. Ninaanza simulizi, ninaikata katikati, ninamnyonyesha, ninarudi na kuendelea nilipoishia. Mashine inaunganisha bila mshono kuonekana, lakini sikio linauona. Sauti ya kabla ni ya mtu anayesimulia, ya baada ni ya mtu aliyechoka anayesoma. Nilijaribu kurekodi nusu ya pili upya, nikaikuta nusu ya kwanza ndiyo sasa inaonekana geni.

Cha tatu ni ushauri wa kuamka saa kumi alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Kwa Makorora simshauri mtu. Majogoo yanaanza, misikiti inafuata, na ile dakika yote yanapotulia Zuhura anasimama mlangoni akiuliza uji uko wapi. Na siku nzima inayofuata unashona mikono ya kushoto kulia.

Nilifikia kufunga kazi. Si kwa hasira, ni kwa hesabu tu: dera moja linanichukua jioni mbili, na jioni zangu zilikuwa zinaliwa bila kuleta dera wala kipindi.

15 Desemba 2024: Kukata kipindi kwa kipimo cha usingizi

Nimeacha kutafuta nusu saa isiyokatika. Haipo, na haitakuwepo hadi Nassoro aanze shule. Nimebadilisha umbo la kipindi chenyewe.

Kila sehemu sasa ina vipande vya dakika nne hadi sita. Kila kipande kina mwanzo wake na mwisho wake, kinasimama peke yake. Kati ya kipande na kipande inalia kengele ya baiskeli, maana Tanga bila baiskeli ni Tanga gani? Kengele ndiyo inayoficha mshono. Kipande cha kwanza nikiwa nimekirekodi Jumanne nikiwa mchangamfu na cha pili Ijumaa nikiwa na mafua, msikilizaji hashangai, kengele imeshamwambia tumehama. Usiku ukinipa robo saa, napata kipande. Usiponipa, sina kilichovunjika katikati.

Sheria tatu za vipande zilizobaki baada ya nyingine kujifuta zenyewe: kipande kisichomalizika kinatupwa, hakiungwi; hakuna kusema "kama nilivyosema mwanzo", kwa sababu huenda mwanzo ukabadilika nafasi; na jina la kila faili lina tarehe na maneno mawili ya kilichomo. "Sauti mpya 37" hutaikumbuka ukiwa na mtoto begani.

Jambo jingine lililookoa muda ni kofi. Mtoto akilia, mtu akibisha hodi, ulimi ukiteleza, unapiga kofi moja kali kisha unarudia sentensi kutoka mwanzo. Kwenye kompyuta kofi linaonekana kama mwiba mrefu kwenye mawimbi. Unaruka mwiba hadi mwiba, unakata, husikilizi dakika arobaini nzima ukitafuta palipoharibika. Hasara yake ni kwamba Zuhura amegundua kofi linamsimamisha mama. Sasa akitaka maji anakuja mlangoni na kupiga la kwake.

Adhana sikati kwa programu. Nimebandika nyakati za sala kando ya kabati, na karibu na isha, kama saa moja na nusu usiku, sigusi kabisa maiki. Hata kama ingewezekana kuifuta, si adabu kuongea wakati inasomwa. Na siku Coastal Union, timu yetu ya mpira, wanapocheza, acha. Redio za mtaa mzima ziko juu.

Kuanzia leo hadi katikati ya Januari narekodi kidogo sana. Ni msimu wa sare za shule, na sare ndizo zinazolipa bando.

12 Januari 2025: Mgeni wa kwanza

Mzee mmoja mstaafu wa reli, rafiki wa marehemu baba mkwe. Usiku hatoki, hivyo alikuja asubuhi, na asubuhi watoto wako macho. Chai ya tangawizi, mkate wa kumimina, nauli ya bajaji kwenda na kurudi: kama 8,000. Hii iweke kwenye bajeti yako, usije ukamrudisha mtu mzima kwa miguu.

Zuhura alipewa kazi ya kumshikia babu bakora, akaikalia kazi ile kwa uzito wote, hakusema neno hadi mkate ulipokwisha. Nassoro alikuwa mgongoni kwenye mbeleko, nami nimesimama nikiyumba ili alale. Hilo ndilo lililoharibu. Nikiyumba kuelekea maiki nasikika, nikiyumba nyuma napotea. Suluhisho lililofanya kazi: maiki yote ni ya mgeni, iko kifuani pake, imebanwa kwenye koti lake, si kwenye kanzu. Maswali yangu niliyarekodi upya usiku chini ya besera. Nayarudia neno kwa neno kama nilivyouliza. Ukilibadilisha swali baada ya jibu, umempa mzee maneno asiyoyajibu.

Kabla ya yote mgeni anataja jina lake na kukubali kwa sauti yake kurekodiwa na kusambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka ridhaa, na ridhaa ya sauti ndiyo rahisi kwa mtu asiyependa karatasi.

Simulizi ilikuwa tamu. Alieleza jinsi babu yake alivyobeba mataruma wakati reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa hapa Tanga 1893, ilipokuwa inapanda kuelekea Usambara. Moshi ilifika 1911. Akaingia kwenye vita vya Tanga, vya Waingereza na Wajerumani, na nyuki waliowashambulia askari, na hapo akasema "mwaka 1916".

Vita vile vilikuwa mwanzoni mwa Novemba 1914. Sasa utafanyaje? Mzee wa umri ule humkatizi mbele ya wajukuu. Kulikata lile neno kwenye mashine ninaweza, lakini sentensi inabaki na pengo. Nilichofanya ni kurekodi utangulizi wangu mwenyewe wa kipande: "Novemba 1914 meli za Waingereza zilitia nanga Tanga..." Msikilizaji anaupata mwaka kabla hajamsikia mzee. Nyuki nao niliwashughulikia pale pale. Mzee anaamini Wajerumani waliitega mizinga ya nyuki kwa kamba. Hayo ni masimulizi, yana haki ya kusikika kama masimulizi. Nikaongeza tu kwamba nyuki waliuma askari wa pande zote mbili.

Kila mwaka anaoutaja mgeni naupeleka kwenye kitabu kabla ya kuhariri. Kuutafuta ukiwa umeshaunganisha kila kitu ni kufumua nguo iliyokwisha pigwa pasi.

23 Februari 2025: Kutoa sehemu ya kwanza

Mavyaa alisikiliza kwanza, kama alivyoweka sharti. Alikaa na hedifoni za 18,000 juu ya ushungi, macho kafumba. Alipomaliza alisema mambo mawili. Muziki wa chini unamfunika mzee. Na mimi naongea haraka kama nimeacha chungu jikoni. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna mwingine ambaye angeniambia. Sharti lile nililolikubali kwa shingo upande ndilo linalonihariria kipindi sasa.

Muziki niliuondoa wote, kwa sababu nyingine pia. Nilitamani kufungua kwa taarabu ya Black Star Musical Club au gitaa la Atomic Jazz, fahari zetu za Tanga. Lakini nyimbo zile zina wenyewe. Hakimiliki kwa sheria yetu ya 1999 inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuzipiga kwenye podikasti bila kibali hakuna tofauti na kumchotea mtu kisimani. Kengele ya baiskeli ni ya baba yake Zuhura, aliyeipiga ni Zuhura, hatudaiwi na mtu.

Jingine la sheria: zisome Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake ya 2022 kabla hujachagua mada, uangalie suala la leseni. Sisi tumejiwekea mpaka, hatugusi habari za siku wala siasa.

Kiufundi: nimeondoa mngurumo wa chini ya hezi 80, nimesawazisha sauti hadi LUFS -19 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika) kwa kuwa faili ni la mono (kwa stereo wanashauri -16), kisha nikatoa MP3 ya kbps 64. Dakika 20 hazifiki MB 10. Ningeweza kutoa faili zuri zaidi, lakini msikilizaji wangu ananunua bando la kupimapima, na sauti ya mtu anayeongea haihitaji zaidi ya hapo. Picha ya jalada iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Mimi nimepiga picha ya kitambaa cha viraka nilichoshona mwenyewe. Faili nimelipandisha Spotify, hakuna malipo, na wao ndio wanaotoa anwani ya RSS, ambayo programu nyingine za podikasti huitumia kuchukua kila sehemu mpya.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba karibu hakuna aliyesikiliza huko. Mzee wa reli hana programu hiyo, wala wenzake. Walichotaka ni kutumiwa WhatsApp. Basi nalituma faili lile lile la MP3 kama waraka. Kosa la kuepuka hapa ni kulicheza kwa spika na kulirekodi upya kama ujumbe wa sauti, kama binamu yangu alivyofanya kwa nia njema. Ujumbe wa sauti unabanwa sana, mzee akatoka kama yuko ndani ya debe.

16 Machi 2025: Ramadhani

Hakuna kipya. Usiku umekuwa mchana: futari, tarawehe, watoto wanacheza nje hadi saa tano, daku. Wageni wangu mchana wamefunga, hawana koo la kusimulia, na usiku wako msikitini. Nilikuwa na vipande vya akiba vya sehemu moja na nusu. Ile moja imetoka, nusu inasubiri Idd. Aliye na familia inayofunga aweke akiba ya sehemu tatu kabla ya mwezi kuandama. Na usitangaze "kila Jumatatu" popote. Mimi nimeandika "ikiwa tayari", na hakuna aliyenidai.

27 Aprili 2025: Masika, kidole cha Zuhura, na sehemu iliyoondolewa

Mvua juu ya bati haiondoki kwa programu yoyote. Nimejaribu. Inachukua nafasi ya sauti ya mtu yenyewe, ukiifuta unafuta na maneno. Masika narekodi mchana wa jua, mvua ikitoa nafasi, hata ikibidi kuacha nguo ya mteja mezani.

Katikati ya mwezi Zuhura alichukua simu kutafuta katuni, akafuta folda nzima ya mahojiano na mama mmoja aliyekulia kambi ya mkonge akiwa mtoto wa manamba, yaani kibarua wa mashamba yale. Bahati nzuri nilikuwa nimeshahamisha nusu. Nusu nyingine, aliyoeleza miaka ya 1960 Tanzania ikiuza mkonge duniani zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kambi zikiwa miji, imepotea. Nilimrudia, akasimulia tena, lakini kicheko cha mara ya kwanza hakikurudi, na sikuweza kumwomba acheke. Utaratibu wa sasa: mgeni hajamaliza chai yake, faili limeshaingia kwenye kompyuta, na usiku ule ule linakwenda kwenye kadi inayokaa kwenye kopo la vifungo juu ya kabati. Simu nayo ina namba ya siri anayoijua Baba Zuhura na mimi tu.

Kuna sehemu tuliyoitoa na kuiondoa siku chache baadaye. Mgeni aliridhia kwa sauti, yote sawasawa. Lakini alipogusa historia ya shamba la familia, mtoto wake alikuja kubisha hodi: shamba lile lina mvutano wa ndugu, na maneno ya mzee yatasomwa kama ushahidi. Niliifuta sehemu jioni ile, nikawaomba wenye faili la WhatsApp walifute, ingawa najua faili likishatoka halirudi. Ridhaa ya mgeni peke yake haikutosha. Sasa, jambo likigusa mali, ndoa au ugonjwa wa mtu mwingine, nasimamisha kurekodi na kuuliza kwanza kama mwenyewe yuko hai na anajua.

15 Juni 2025: Tulipo

Fedha za mwanzo: maiki 28,000, kiunganishi 6,000, kadi 22,000, blanketi 24,000, hedifoni 18,000. Jumla 98,000, ndani ya bajeti. Zinazojirudia ni bando, 10,000 kwa mwezi, na chai na nauli ya mgeni, 8,000 kila anapokuja. Mapato hakuna. Gharama kubwa haimo kwenye hesabu hii: ni madera ambayo sikuyashona. Kwa hiyo nimeamua sehemu moja kwa mwezi, si mbili, na mteja wa cherehani anatangulia.

Wasikilizaji ninaowajua kwa majina hawajazi daladala, lakini mmoja wao aliyeko Muscat ameomba kipande kuhusu mashindano ya baiskeli ya zamani, na mavyaa anadai anamjua mtu.

Idd el-Hajj wageni wa Pangani walijaa chumba cha besera na bado wapo. Nimejaribu kutundika blanketi juu ya chandarua cha duara cha chumbani kwetu. Pete ya juu ilipinda ikatuangukia mimi na maiki. Baba Zuhura anatafuta mbao za kutengeneza fremu ya kukunja, isimame popote penye nafasi ya mtu mmoja na kiti. Nassoro ameanza kutembea na anazifuata blanketi popote ziendako, kwa hiyo fremu itahitaji miguu mizito.

Hedifoni zimekufa sikio la kushoto. Fundi amesema waya umekatika kwenye plagi, atalehemu kwa 3,000. Akishindwa, nitaandika hapa bei ya mpya.